Binti Yetu Alinusa Kwanza, Kunyonya Kukafuata

Kanisa, kaeni chini, tafadhali. Mkinisimamia hivyo naona kama ni mimi nimeletwa kuzikwa. Asanteni. Mungu aliyetuamsha leo apewe sifa zake, na nyinyi mpewe uvumilivu, kwa sababu mimi si mtu wa kuhutubia watu. Mimi ni mtu wa kuita wateja. Nikizoea hii maikrofoni mtashtukia nimewauzia gunia.

Mzee aliyenipanga kwa ratiba ameniambia nisitaje mtu yeyote kwa jina. Hilo nitaweza. Halafu akasema, kwa kuwa ushuhuda wangu una mambo ya kina mama, nitafute lugha ya heshima. Nimeitafuta tangu Jumatatu. Ndugu zangu, nawaambia, sikuipata. Maziwa ni maziwa na titi ni titi, na sisi wote tulioketi hapa tulipitia hapo. Hata wewe Mzee unayeangalia viatu vyako.

Wengi wenu mnanijua kwa pua kabla ya kunijua kwa uso. Nauza vitunguu hapa sokoni Langas, vya kawaida na vya saumu. Kazi hii nimeifanya tangu nikiwa kijana. Kufungua magunia, kuambua maganda, kutoa vilivyooza, kufunga tena. Harufu iliingia kwa ngozi yangu, ikanunua ploti, ikajenga. Nikipanda gari watu hufungua dirisha na mvua inanyesha. Bibi yangu alinikubali hivyo hivyo. Siku namchumbia alisema ni afadhali mwanamume anayenuka kazi yake kuliko yule ananukia vizuri na hakuna mtu anajua kazi yake.

Mnajua pia tulikaa muda mrefu bila mtoto. Nyinyi ndio mlituombea. Wengine mlituombea kwa sauti kubwa kuliko tulivyotaka, lakini asanteni. Basi mimba ikaja. Nilitembea hapa Langas kama mtu amechaguliwa mbunge. Nilikuwa nasalimia mpaka kuku.

Ilipoingia mwezi wa saba, miguu ya bibi yangu ikaanza kuvimba. Tukasema ni uzito. Kichwa kikaanza kumuuma. Tukasema ni jua. Halafu asubuhi moja, anapika chai, akaniangalia akasema, "Baba, nakuona mko wawili." Mimi mjinga nikamjibu, "Basi umepata faida." Hakucheka. Alishika ukuta akakaa chini polepole.

Kina mama wajawazito mlio hapa, ukiona hayo, usingoje chai ichemke. Kwenda ni kwenda.

Jirani mwenye gari alitupeleka hospitali mjini. Daktari akapima presha, akapima tena, akaniita kando. Akasema, "Mzee, presha imepanda vibaya. Tukingoja tutawapoteza wote wawili. Mtoto anatolewa leo." Nikapewa mahali pa kuweka sahihi. Niliandika kwa haraka mpaka sahihi yangu ikaonekana kama ya daktari.

Wakamtoa. Msichana. Nilipoitwa kumwona nilikuwa nimejipanga kuona mtoto. Nikaonyeshwa kisanduku cha kioo, na ndani yake kitu chepesi kuliko paketi ya unga, tena paketi ambayo imeshapikiwa ugali wa jioni. Ngozi yake ilikuwa nyekundu na nyembamba kama lile ganda la ndani kabisa la kitunguu. Kichwa kimevishwa kofia ya sufu, na mpira mwembamba umepita puani mpaka tumboni. Nikatafuta maneno ya baba. Yakakosa. Nikamwambia, "Karibu Eldoret." Ndiyo maneno ya kwanza binti yangu alisikia kutoka kwangu. Kama mimi ni kondakta.

Bibi yangu alikuwa wodi ya juu, amefungwa dripu, hawezi kusimama, presha bado inapanda na kushuka kama matuta ya barabara. Kwa hiyo mama yuko juu, mtoto yuko chini, na katikati kuna ngazi na mimi.

Nesi mkubwa wa pale kwa watoto, ambaye sisi wote tulimwita Sista, akanieleza shida yetu. Mtoto huyu hakuwa anajua kunyonya. Kunyonya, kumeza na kupumua ni kazi tatu, na kuzifanya kwa mpango ni jambo ambalo mtoto hukamilisha akiwa bado tumboni. Huyu alitoka kabla ya somo kuisha. Akijaribu kimoja anasahau kingine. Nikasema, "Sista, hata mimi nikiendesha baiskeli niko hivyo." Hakucheka pia. Hiyo wiki mzaha wangu haukununuliwa na mtu.

Kwa hiyo alikuwa analishwa maziwa kwa mpira. Maziwa yanaingia tumboni, yeye amelala, hana habari. Sista akasema shida ndiyo hiyo. Tumbo linashiba, na mdomo na pua hazijui kama kuna chakula duniani. Akaniambia, "Tutafanya hivi. Mama yake akamue, hata kama ni matone. Wewe utaniletea. Kila tukimlisha, nitaweka tone kwa kitambaa safi cha hospitali nishike karibu na pua yake, anuse. Ubongo uanze kujua harufu hii na kushiba ni ndugu."

Mimi ni mtu wa soko. Siuziwi kitu haraka. Nikamwambia, "Sista, kunusa? Mtoto anakufa njaa ya kunyonya na wewe unamnusisha?"

Akaniuliza, "Baba, ukipita pale wanachoma nyama, na huna hata shilingi, mate hayakutoki?"

"Yananitoka."

"Tumbo halingurumi?"

"Linanguruma."

"Nani ameliambia kuna nyama?"

"Pua," nikasema.

"Haya. Lakini sikudanganyi. Hii si dawa. Kuna watoto inawaamsha, na kuna wengine hawajali. Haimuumizi, na ni maziwa ya mama yake. Tutajaribu."

Nikakubali. Halafu akanisogelea kidogo, akarudi nyuma, akaniangalia kwa huruma. "Sasa Baba, na wewe unanuka nini?"

Ndugu zangu, hapo ndipo mateso yangu yalianza.

Sista alinieleza kwa upole kwamba pale ndani harufu kali hazitakiwi. Manukato hapana, sigara hapana, na jamani, saumu hapana. Mtoto anatafuta harufu ya mama yake kama mtu anatafuta stesheni kwa redio, na mimi nikiingia nilikuwa kama posho mill ya kusaga unga inayonguruma kando ya hiyo redio. Basi nikaenda kunawa. Nikanawa kwa sabuni ya kipande, nikanawa kwa sabuni ya unga. Rudi. Sista ananusa mkono, anatikisa kichwa.

Pale sokoni kina mama wakaunda kamati. Mmoja akasema limau. Mwingine majivu. Mwingine akasema majani ya chai, nikakaa nimetumbukiza mikono kwa karai ya chai ya rangi kama mandazi. Kuna aliyesema nisugue vidole kwa sufuria ya chuma. Jirani yangu alinikuta nje ya nyumba, asubuhi mapema, nimekumbatia sufuria nikiipapasa huku nimefunga macho. Alirudi ndani kwake polepole bila kusalimia. Mpaka leo hajauliza.

Nikaona bora niache. Niliomba jirani yangu wa sokoni achukue vitunguu vyangu vyote, na mimi nikachukua kabichi zake. Nikawa mtu wa kabichi. Wateja wangu wanakuja wanasimama mbele yangu wanachanganyikiwa. Mmoja akaniuliza, "Umeokoka upya?" Nikamwambia, "Nina mtoto anayenusa." Akaondoka akinitazama.

Wakati huo ndipo mama mkwe wangu akashuka kutoka Timboroa. Wale mnaomjua mmeshaanza kucheka. Ni mama wa ng'ombe, amekamua tangu akiwa msichana, na viganja vyake ni kama jembe. Alikuja amevaa sweta mbili na gumboots, amebeba kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando ya kwao, kimefungwa kwa leso. Mimi na yeye tulikuwa tunaheshimiana kwa mbali, kama majirani wanaogombania mpaka wa shamba. Hakuwahi kuelewa kwa nini binti yake aliolewa na mtu wa vitunguu.

Akafika mlangoni kwa watoto, akamwambia Sista, "Nimeletea mtoto maziwa ya kwao."

Sista akasema, "Mama, asante sana. Lakini huyu mtoto haruhusiwi."

"Si kunywa. Nimesikia mnamnusisha. Anuse hii. Hii inaamsha mpaka wazee."

Nilikuwa nimesimama katikati yao. Kibuyu kimefunguliwa, ule moshi na uchachu umejaa kwa koridoo, daktari mmoja anapita akatabasamu kama amekumbuka kwao. Sista akashika mkono wa mama mkwe, akamwambia, "Mama, wewe una ng'ombe. Ndama akizaliwa, unamnusisha ng'ombe wa jirani?"

Mama mkwe akafikiria. "Hapana. Atapotea."

"Sasa huyu ni ndama wako."

Akafunga kibuyu. Akakaa kwa benchi la mlangoni. Na kuanzia hapo, bila kuajiriwa na mtu, akawa ofisa wa kunusa. Hakuna mtu alipita kwa ule mlango bila kusimamishwa na mama wa gumboots. "Lete mkono." Ananusa. "Wewe pita. Wewe umekula samaki, kanawe." Wazazi wa watoto wengine wakaanza kupanga foleni wenyewe. Sista alijaribu kumwondoa, halafu akaona kazi yake imepungua, akamwacha.

Kuna mtumishi mmoja wa Mungu alikuja kutuombea. Jina sitaji, lakini amekaa nyuma yangu kwa kile kiti kikubwa. Alikuwa ameruhusiwa kusimama mlangoni tu, aombe, aende. Akaja amejipulizia manukato, mnayajua, yale yanafika ibadani kabla yake. Mama mkwe akainua mkono.

"Wewe ni nani?"

"Mama, mimi ni mchungaji."

"Wa ng'ombe ama kondoo?"

"Wa watu, Mama."

"Hao watu wako hawana pua? Ombea huko kwa ngazi. Mungu anasikia."

Na akaombea kwa ngazi. Mchungaji, nisamehe, lakini ulisema tuseme ukweli.

Sasa turudi juu kwa bibi yangu. Kukamua kwenyewe kulikuwa kazi. Mara ya kwanza tulipata matone, ya njano, mazito, yakashika chini ya kikombe kama mafuta. Yeye alitaka kulia kwa aibu. Mimi nilibeba hicho kikombe kama nimebeba kura za jimbo zima. Mkono mmoja chini, mmoja juu, nashuka ngazi kando kando kama kaa. Siku moja katika hizo ngazi nikakutana na ndugu mmoja wa ushirika wetu wa wanaume, amekuja kumwona mgonjwa wake. Akanyoosha mkono kwa furaha. "Ndugu yangu! Habari za siku nyingi!" Mimi nimetoka kunuswa na kupitishwa, siwezi kugusa mtu. Nikamwambia, "Siwezi, ndugu. Mimi nimenawa mikono."

Akasikia kama Pilato. Habari zikafika hapa kanisani kwamba nimerudi nyuma. Ndugu yangu, uko hapo, leo nakupa mikono yote miwili baada ya ibada.

Mambo yakaenda hivyo. Mimi na kikombe, Sista na kitambaa, mtoto analishwa huku ananusishwa. Na mtoto hakufanya kitu. Analala tu. Ningependa kuwaambia imani yangu ilikuwa imara. Haikuwa. Nilikuwa nasimama pale nikitazama kile kipua, nikisema moyoni, jamani, hata wewe hii harufu haikusaidii?

Halafu kikaja kitu ambacho sitatania juu yake. Kwenye kitanda kilichopakana na chetu kulikuwa na mtoto wa kiume wa watu wengine. Baba yake tulizoeana, tulikuwa tunagawana chapati kwa benchi. Mama yake naye alikuwa wodi moja na bibi yangu. Asubuhi moja nilikuta kile kitanda kimetandikwa shuka mpya. Yule baba alikuwa amekaa kwa benchi na mama mkwe wangu amemshika mkono. Walikuwa wamefanya yote tuliyofanya. Walikuwa wameomba kama tulivyoomba. Mimi sijui kwa nini, na mtu asije akaniambia anajua.

Bibi yangu alisikia kilio cha yule mama. Nilipopanda na kikombe alikuwa ameangalia ukuta. Nikamwambia, "Mama, ni saa ya kukamua." Akasema, "Mwambie Sista nimekauka." Tukajaribu. Kweli, hakuna hata tone. Akaniambia bila kugeuka, "Mtoto wangu sijamwona. Sijui ananukaje, sijui analiaje. Nimekuwa mtu wa kutuma harufu. Hata posta wana afadhali, wanaonana na barua."

Nikashuka na kikombe kitupu. Nakwambieni ngazi zile zilikuwa ndefu siku hiyo. Nikamwambia Sista. Mama mkwe akasikia kutoka kwa benchi lake. Akasema, "Ng'ombe hawezi kushusha maziwa kama ndama yuko mbali. Utamshika chuchu mpaka jioni. Hashushi. Anangoja kumjua ndama."

Sista akasema, "Mama, hata mimi nilikuwa nimetoka kumvua kofia. Daktari amesema leo presha bado, labda kesho mama atashushwa. Lakini kofia haina presha." Akaniwekea ile kofia ya sufu mkononi, ilikuwa bado na joto la kichwa cha mtoto. "Baba, ipeleke mbio, kabla haijapoa."

Nilivaa koti langu, nikaiweka ile kofia kwa mfuko wa ndani, hapa, karibu na moyo, nikapanda zile ngazi kama kijana. Bibi yangu alikuwa bado na ukuta wake. Nikamwambia, "Nimekuletea barua." Akageuka. Akaipokea kofia kwa mikono miwili. Akafunga macho, akaileta puani.

Nikasema moyoni, Bwana, saa ni hii.

Akanusa. Akatulia. Akanusa tena. Akafungua jicho moja.

"Baba," akasema, "hii inanuka saumu."

Ndugu zangu! Mikono nilikuwa nimenawa, nguo nilikuwa nimebadilisha, biashara nilikuwa nimeacha. Nikaingiza mkono kwa ule mfuko wa ndani wa koti. Kule chini, kwenye pindo, kulikuwa na punje ya kitunguu saumu. Sijui ilikaa huko tangu lini. Ilikuwa imeanza hata kuota.

Nikaitoa nikaishika hivi, mbele yake. Yeye akaangalia punje, akaangalia uso wangu. Na akacheka. Alianza kidogo kidogo, halafu ikamshinda, akashika tumbo akalia, "Usinichekeshe, nyuzi zitakatika! Toka hapa, nyuzi!" Yule mgonjwa wa kitanda cha dirishani akauliza ni nini, akaelezwa, naye akaanza. Wodi nzima ya watu waliopasuliwa wanacheka huku wanalia wameshika matumbo, na mimi nimesimama katikati na punje yangu.

Halafu bibi yangu akairudisha kofia puani. Akaigeuza ndani nje. Akasema kwa sauti ndogo, "Chini ya saumu kuna kitu kingine. Kama mkate. Ni yeye?"

Nikasema, "Ni yeye."

Akaziba uso na ile kofia akalia. Kilio kizuri, cha mtu amefika. Na mimi nikaona gauni lake la hospitali linalowa hapa mbele, pande zote mbili. Nikasema, "Mama, umemwagikiwa na chai?" Yule wa dirishani akapiga kelele, "Chai gani wewe mwanamume! Ni maziwa! Leta kikombe!" Kikombe kiko wapi? Nimekiacha chini kwa Sista! Nilizunguka ile wodi kama kuku, naokota glasi, naambiwa si safi, naokota ingine, naambiwa weka chini hiyo ni ya dawa, mpaka nesi mmoja akaja na kikombe safi akanisukuma kando.

Siku hiyo sikubeba matone. Nilibeba maziwa.

Sista akaweka tone kwa kitambaa, akasogeza kwa kipua. Mama mkwe aliruhusiwa kuchungulia kutoka mlangoni. Mtoto amelala kama kawaida. Halafu pua ikakunjamana. Hivi. Kama mtu amesikia jina lake kwa mbali. Mdomo ukafunguka. Na ulimi, ulimi mdogo kama jani la dhania, ukatoka nje, ukalamba hewa. Ukarudi. Ukatoka tena, midomo ikaanza kufyonza pasipo na kitu.

Sista akasema polepole, "Mwangalie huyo."

Mimi nilipiga kelele kama goli limeingia. Nikatolewa nje. Nilistahili.

Msidhani basi ikawa ni kuruka na kushangilia. Kesho yake daktari alikubali, bibi yangu akashushwa kwa kiti cha magurudumu. Wakamwekea mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, wamefunikwa shuka. Mama alimnusa tu kichwani, muda mrefu, na mtoto akawa anasukuma uso wake mdogo kwa titi akitafuta. Akafika, akalamba, akasinzia. Ndiyo kazi yote aliyofanya. Siku nyingine akavuta mara moja, akasahau kupumua, akageuka rangi, wakamwondoa haraka, na sisi tukafa kidogo. Siku nyingine akavuta, akakumbuka kupumua, akasahau kumeza, maziwa yakamtoka puani, akapiga chafya. Mama mkwe akasema hata ndama wazuri huanza hivyo.

Mpaka asubuhi moja tukafika tukakuta Sista amesimama na mpira mkononi. Nikaogopa. Akasema, "Mimi sijamtoa. Amejing'oa mwenyewe." Binti yangu alikuwa ameshika ule mpira akauvuta wote, na sasa alikuwa analia kwa hasira ya njaa, uso mwekundu kama nyanya. Sista alitaka kumrudishia. Bibi yangu akasema, "Sista, ngoja kidogo, mpe kwangu kwanza." Akampa. Akanyonya. Akavuta, akameza, akapumua. Akavuta, akameza, akapumua. Sisi watu wazima tumezunguka tunapumua naye pamoja, kama kwaya, mpaka kichwa changu kikaanza kuzunguka kwa kupumua sana. Mpira haukurudi tena.

Leo yuko hapo nyuma na mama yake. Ana meno, na ameyajaribu kwa watu wengi mlio hapa. Chakula akikinusa kutoka kwa jirani, anatambaa mpaka mlango wa jirani.

Kwa hivyo nataka kushukuru. Sista na wenzake, ambao hawako hapa kwa sababu Jumapili pia watoto wanakula. Jirani yangu wa gari. Mama wa kabichi, aliyeuza vitunguu vyangu na kuniletea faida yote bila kuguswa, ingawa sasa yeye ndiye anayefunguliwa madirisha. Kina mama wa kanisa mliofua nguo zetu kwa sabuni isiyo na harufu mkaja kunuswa na mama mkwe bila kuchukia. Mchungaji wangu, uliyeombea kwa ngazi. Mama mkwe wangu, ambaye yuko Timboroa leo kwa sababu ng'ombe anazaa, lakini alinipigia simu asubuhi akaniambia, "Mkwe wangu, ongea vizuri, na usijipake kitu." Na yule ndugu wa chapati na bibi yake. Wao bado wanakuja kumwona binti yetu. Siku ya kwanza walipokuja sikujua niangalie wapi. Yule mama alimchukua mtoto, akamnusa kichwani, akamrudisha. Tunapowaombea wengine tuwaombee na hao, tena tuwatembelee, si kuwaeleza.

Na wanaume, nina neno moja kwenu. Mimi nilidhani kwa wodi ya watoto baba ni mtu wa kulipa na kungoja nje. Nawaambia, ingieni. Nawa mikono, uliza usichokijua, beba kikombe. Hutapewa kazi kubwa. Utapewa kazi ndogo inayochekesha, na usipoifanya wewe hakuna mwingine. Na mkiambiwa na manesi jambo ambalo linaonekana ni upuzi, uliza sababu kwanza, halafu ulifanye mpaka mwisho, hata kama siku nyingi huoni kitu.

Nilikuwa na mengine, lakini mnasikia hizo kelele nyuma? Ni yeye. Mama yake ananionyesha kwa mkono kwamba nimalize, kwa sababu amembeba akingoja niseme amina ndipo atoke akamnyonyeshe, na mtoto haelewi kwa nini chakula chake kinangoja hotuba.

Tafadhali, mtu asimnyamazishe. Mpisheni tu apite.

Amina.